Mgongo wa Deraya

Kipande cha sponji ndicho kilichonitoa nyumbani jioni ile. Kipande kimoja tu, cha kufunika mgongo wa mtoto wa darasa la nne.

Mimi ni fundi makochi. Nimefunika viti vya watu wakubwa wenye midomo mirefu, na wote tuliachana salama. Lakini mteja msumbufu kama binti yangu sijapata kumwona. Tunamwita Bosi, na jina hilo hakupewa bure. Alichaguliwa kuwa shujaa katika mchezo wa kuigiza wa shule yao, yule anayevaa deraya na kuulinda mji dhidi ya majitu, akarudi nyumbani kuniarifu kwamba deraya ni juu yangu. Hakuuliza kama nina nafasi.

"Ya chuma, baba. Ya kung'aa."

"Chuma utakibeba wewe, na miguu hiyo ya njiti?"

Akafikiri. "Basi ya sponji. Ila isijulikane kama ni sponji."

Wanasema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wangu hakusana wala hakuvukuta, alisimamia. Nilimviringishia nailoni kifuani na mgongoni, nikabandika utepe wa kunata juu yake mpaka akawa kama kifurushi. Nikachora mistari kwa kalamu, kisha nikakata taratibu kwa mkasi na kumvua huku akicheka kwa kutekenywa. Ukilitandaza mezani ganda lile unapata umbo zima la mtu. Kwa umbo hilo nikakata sponji ngumu, ile inayofanana na soli za malapa, nikaipasha kwa pasi mpaka ikalegea, nikaikunja juu ya goti na kuishikilia hadi ikapoa. Sponji ikipoa imekunjwa, haisahau. Kifua kikapatikana, mabega yakapatikana, na kofia ya vita pia. Nikapaka rangi ya fedha. Hata mama yake, ambaye ni nesi na hasifii ovyo, aligonga kifua kile kwa kucha akidhani kitalia.

Uliobaki ni mgongo, na sponji ilikuwa imeniishia.

"Tutaweka mikanda tu," nikasema. "Watazamaji wanakaa mbele."

"Na jitu likinijia kwa nyuma je?"

Mchezo ulikuwa keshokutwa. Nikavaa viatu nikatoka.

Duka la sponji nililikuta limefungwa, muuzaji ameshaondoka. Nikarudi kwa njia ya mkato, ile inayopita nyuma ya nyumba zenye kuta ndefu. Jua lilikuwa limeshazama na taa za watu bado hazijawashwa. Hapo ndipo niliposikia mtu akiniita.

"Fundi..."

Nikageuka. Mwanamke alikuwa amesimama kwenye geti dogo la nyuma. Simfahamu. Alikuwa wa makamo, kajifunga khanga kifuani, macho yamemwingia ndani kama mtu asiyelala.

"Wewe si ndiye fundi makochi?"

"Ndiye, dada."

"Kuna godoro hapa. Zuri, sponji ngumu. Lichukue."

"Unaliuza?"

"Lichukue tu."

Rahisi huvunja upishi, na mimi msemo huo naujua tangu utotoni. Lakini nilimfikiria Bosi na jitu lake la nyuma. Nikaingia. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani, limefunikwa shuka. Yule dada hakuligusa. Alisimama mbali, akanionyesha kwa kidevu.

"Lipitishe hapa hapa nyuma," akanong'ona. "Na likifika kwako... lilaze kifudifudi."

Nikacheka. "Godoro nalo lina uso?"

Yeye hakucheka. Alifunga geti kabla sijafika hata njiani.

Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Nililiweka godoro juu ya meza, nikavua shuka, nikawasha taa.

Harufu ilikuja kwanza. Dawa ya kuchua, jasho la zamani, chumba kisichofunguliwa dirisha.

Halafu nikaona shimo.

Kila fundi makochi anasoma mashimo. Kiti kinanieleza kama mwenyewe ni mnene, kama anaegemea upande, kama anapenda kukunja mguu. Godoro linasema zaidi, maana usingizini mtu hajifichi. Aliyelala huku na huku huacha mabonde mawili matatu yanayoingiliana. Hili lilikuwa na bonde moja tu, jembamba na la kina. Niliona kisogo, mabega, uti wa mgongo, nyonga, visigino. Kingo zake zilikuwa zimesimama kama za chungu cha mfinyanzi.

Aliyelala hapa hakugeuka. Si usiku mmoja, ni miaka.

Nilifunzwa kazi na marehemu Mzee Sindano, mtu wa maneno machache na makofi mengi. Yeye alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata mteja awe analia mlangoni. Sponji iliyolaliwa haikatwi siku inayofika. Unaipindua shimo litazame chini, unaianika juani siku mbili tatu, unaichapa kwa fimbo. "Mpaka mwenyewe atoke," alikuwa akisema. Sisi wanagenzi tulijua anasema kunguni.

Nami siku za kuanika sikuwa nazo. Tena kulikuwa na jambo lingine, na hili ni la kifundi, asiye fundi hatanielewa. Sehemu ya juu ya lile bonde, kati ya bega na bega, ilikuwa na mkunjo uleule niliouhitaji. Aliyelala pale alikuwa amekonda, mgongo wake hauzidi wa mtoto. Sikuhitaji pasi wala goti. Nikaichonga sehemu ile kwa kisu kirefu, shimo likabaki kwa ndani ili limkae Bosi vizuri.

Kisu kilipopita katikati, sponji ilitoa pumzi.

Sponji zote hupumua ukizikata. Hewa inatoka tu. Lakini hii ilitoka ndefu... ndefu... na mwishoni ikawa kama inataka kusema kitu.

Nikazima taa nikaenda kula.

Kesho yake nilibandika mikanda na kupaka rangi. Mara mbili niliukuta ule mgongo umelala chali juu ya meza, na mara zote mbili nilikuwa nimeuacha umesimama. Nikasema ni upepo. Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini mtu mwenye kazi ya kumaliza hana muda wa kubishana na dirisha.

Jua likizama, Bosi akaja kujaribu. Mama yake alikuwa bado zamu. Nikamvika kifua, nikamvika mabega na kofia, kisha nikaleta mgongo, nikafunga mkanda wa kwanza, wa pili, wa kiunoni. Akajiangalia kwenye kioo. Akainua ngumi.

"Mji huu hauguswi!" akapiga kelele kwa sauti ya shujaa.

Nilipiga makofi. Jamani, alipendeza. Hata machozi yalinilenga.

Kisha ngumi ikashuka polepole.

"Baba... mgongo una joto."

"Ni gundi haijakauka vizuri."

"Baba." Alikuwa ananong'ona sasa. "Kuna mtu mgongoni."

Nikamsogelea. Kabla sijamfikia akaanza kulala. Hakuanguka. Alikunja magoti, akakaa sakafuni, akajinyoosha chali taratibu kama mgonjwa anayelazwa na mikono ya watu. Mikono ubavuni. Visigino pamoja. Macho darini.

"Bosi! Acha mchezo."

Nikashika mkanda wa kiunoni, nikavuta. Haukufunguka. Mkanda ule ni wa kunata tu, mtoto wa chekechea anaubandua, lakini mimi na mikono yangu hii ya kuvuta ngozi za makochi nilishindwa. Nikachukua kisu. Kisu kiliteleza juu ya sponji kama kinapita juu ya jiwe. Na deraya ilikuwa inabana. Niliona kwa macho yangu kifua cha fedha kikiingia ndani kila mwanangu alipotoa pumzi, na alipotaka kuvuta nyingine kisirudi.

Midomo yake ilianza kubadilika rangi.

Harufu ile ikajaa chumba kizima.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya kofia. Ilikuwa kavu, ya mtu mzima sana, ya mtu aliyeita mpaka akachoka.

"Nigeuze..."

Kisu kikanidondoka.

"Nigeuze, mwanangu... nigeuze..."

Sikumgeuza. Nilikuwa nimeganda, nimepiga magoti. Nilikuwa naogopa kumgusa mtoto wangu mwenyewe, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mlango ukafunguliwa. Mke wangu aliingia na sare yake na mkoba begani. Alimwona mtoto sakafuni, akaniona mimi. Akafungua mdomo apige kelele, na sauti ikasema tena.

"Nigeuze..."

Mdomo wake ukajifumba. Mkoba ukashuka chini. Uso wake ulibadilika, ukawa ule ninaouona nikienda kumchukua kazini, uso wa wodini. Akapiga magoti, mkono mmoja begani kwa Bosi, mwingine kwenye nyonga.

"Haya, mama," akasema kwa upole. "Nipo. Tunageuka sasa. Taratibu."

Akamgeuza, akamlaza ubavu. Uso wa Bosi ukaelekea mlango wa ndani, ule unaoingia vyumbani kwetu.

Pumzi ikatoka. Ndefu. Sijui ilitoka kwa mtoto au kwa sponji. Mikanda yote ikaachia kwa pamoja, na Bosi akavuta hewa kama mtoto anayezaliwa, akaanza kulia. Tulimkumbatia pale pale sakafuni, sote watatu, rangi ya fedha ikatuchafua mpaka nywele.

Bosi alipokwisha kulala, mke wangu aliuchukua ule mgongo akaupapasa kwa ndani. Hakuhitaji kuambiwa.

"Huyu mtu hakugeuzwa," akasema. Hasira ilikuwa imempanda. "Unajua mgongo wa mtu asiyegeuzwa unavyokuwa? Nyama inaoza akiwa hai, Fundi. Hata kama hazungumzi, anasikia. Nani aliyemfanyia hivi?"

Asubuhi niliitoa sponji ile juani, na godoro lililobaki pia. Nilishika fimbo nichape. Sikuchapa.

Shimo halikuwepo.

Godoro lote lilikuwa limenyooka kama limetoka kiwandani leo. Nililipapasa mwisho hadi mwisho. Hakuna kisogo, hakuna nyonga. Mwenyewe alikuwa ametoka.

Nilienda moja kwa moja kwenye lile geti. Nilikuwa nimejiandaa kutukana. Yule dada alifungua kabla sijabisha.

"Aliyelalia godoro lile ni nani?"

"Mama mkwe wangu. Amefariki."

"Mlikuwa hammgeuzi."

Nilitegemea abishe. "Hatukumgeuza," akasema.

"Hamna hata haya! Alikuwa anawaomba."

Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Mkono wake ukashika ukingo wa geti.

"Nani kakwambia alikuwa anaomba?"

"Nimemsikia mwenyewe, kwa masikio yangu haya. Mke wangu ndiye aliyemgeuza. Nyie mlishindwa nini?"

Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo sana.

"Anatazama wapi?"

"Nini?"

"Mlipomgeuza, fundi. Uso wake ulielekea wapi?"

Nadhani aliliona jibu usoni kwangu.

"Alikuwa akilala ubavu wa kulia, anamtazama mume wangu," akasema. "Mwanawe wa kumzaa. Mume wangu akaanza kuchelewa kuamka. Halafu siku moja hakuamka. Tukamgeuzia upande wa pili, chumba cha wifi yangu. Ukuta upo katikati, tena wa matofali. Wifi naye hivyo hivyo, usingizi tu, usingizi tu. Ndipo nikamlaza chali." Akainua macho juu. "Dari haifi."

"Alikuwa mchawi?"

"Sijui alikuwa nini. Alikuwa mama mzuri. Alinifunza kupika." Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. "Nilikwambia ulilaze kifudifudi."

Nilipomsimulia mke wangu, alikasirika upya. "Kila anayemtesa mgonjwa ana hadithi yake," akasema. "Nimezisikia zote wodini. Huyo mwanamke anatafuta usingizi tu." Nami nikakubali, maana nilitaka iwe hivyo.

Deraya niliichoma. Bosi aliingia jukwaani amejifunga kipande cha pazia mabegani, akayapiga majitu mpaka moja likalia kweli, na watu wakasimama kumpigia makofi. Nikasema yamekwisha.

Kisha nikaanza kuona namna anavyolala.

Binti yangu alikuwa analala kama mtu aliyetupwa, mguu huku, mkono kule, mto sakafuni. Sasa analala ubavu. Hajigeuzi usiku kucha. Uso wake unaelekea kwenye mbao zinazotenganisha chumba chake na chetu, upande anaolala mama yake.

Mke wangu, ambaye huamka kabla ya jogoo, alianza kuchelewa. Mwanzo tulitaniana. Nikamwambia uzee umepiga hodi. Kisha asubuhi moja nilimtikisa, nikamtikisa, nikamwita kwa jina ambalo sijamwita tangu tuchumbiane, ndipo akafungua macho na hakunijua mara moja.

Usiku uleule nilimlaza Bosi chali.

Asubuhi mke wangu aliamka mwepesi, anaimba. Nilijifungia chooni nikalia kwa furaha. Basi nikawa kila siku akishasinzia naenda namlaza chali, natoka kwa kunyata. Nyumba ikawa na amani. Mpaka mama yake alipokuwa akimwogesha, akaniita.

"Huyu mtoto ana wekundu mgongoni. Angalia hapa. Na hapa. Nani anamlaza hivi?"

Sikuweza kumtazama. Nilikwenda nikafunua shuka la kitanda cha Bosi. Godoro lile nilimtengenezea mwenyewe, sponji mpya, ngumu, haina hata mwaka. Katikati kulikuwa na bonde moja. Jembamba. La kina kisichoweza kuwa cha uzito wa mtoto.

Kuhamisha kitanda nilishawaza. Nyumba zetu zimepakana. Ukuta wa pili ni wa jirani, na jirani ana mtoto mchanga, nasikia anavyonyonya.

Jana jioni Bosi alisinzia mapema. Nilimlaza chali, nikageuka niondoke.

"Baba."

"Naam, Bosi."

"Mgongo unauma. Nigeuze."

Ilikuwa sauti yake. Nakuapia ilikuwa sauti ya mwanangu. Alikuwa amefumba macho, na chozi limetiririka mpaka sikioni.

Nilimkumbuka yule dada wa getini, miaka yote ile, akisikia neno hilo na kupita. Nilimtukana mtu yule. Sasa nilikuwa nimesimama alipokuwa amesimama yeye, mkono wangu uko kwenye kitasa cha mlango.

Nikarudi. Nikavuta kiti, nikakiweka upande usio wa mama yake, kati ya kitanda na ukuta wa jirani, nikakaa nikiuziba ukuta ule ili kisipite kitu hadi kwa jirani. Nikaweka mkono mmoja begani kwake, mwingine kwenye nyonga, kama nilivyomwona mama yake akifanya.

"Haya," nikasema. "Nipo. Tunageuka sasa. Taratibu."

Nikamgeuza kuelekea kwangu.

Alitoa pumzi ndefu, uso ukalegea, akatabasamu usingizini kama alivyokuwa akitabasamu zamani. Kisha macho yakafunguka. Akanitazama. Nami nikamtazama, sikukwepa.

Bosi ndiye aliyeniamsha leo. Anasema alinisukuma sana, akadhani namtania. Jua lilikuwa limeshapita dirishani, mama yake ameshakwenda kazini akiwa mzima, na mwanangu alikuwa anarukaruka kitandani akiniamuru nimtafutie soksi. Mgongo wake nimeutazama. Wekundu umeanza kupungua.

Kazi za watu zimerundikana karakanani. Makochi mawili yanasubiri vitambaa. Nitaziamkia kesho, nikijaliwa.